Jaribio la Mkato

Habari za kifo cha Karemera, mkuu wangu wa zamani kazini, zilinikuta Kigali nikiwa mkutanoni, kwenye simu niliyoificha chini ya meza, na nikaendelea kukaa pale nikiitikia kwa kichwa mambo ambayo leo siyakumbuki hata moja. Asubuhi yake nilipanda basi la Gisenyi. Vibao vya barabarani siku hizi vinaandika Rubavu, lakini sisi tuliowahi kufanya kazi pale bado tunasema Gisenyi. Tulipopita Mahoko na barabara ikaanza kushuka kuelekea ziwani, mikono yangu ilikosa pa kukaa. Nilifungua mkoba, nikaufunga, nikaufungua tena. Nilikuwa sijarudi kwa miaka kumi na mitatu, na si kwa sababu ya umbali, maana ni saa tatu na nusu tu za basi. Nyumbani kwa marehemu walikuwa wamefunga turubai uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na katikati alipita mwanamke mnene mwenye miwani na mtandio mweusi, amebeba birika la chai. Alinitazama mara moja, akasimama. Akasema, “Konso.” Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo, kwa wengine wote mimi ni Consolata. Nikasema, “Zaituni.” Akanimiminia chai, akanishika bega kidogo kama anayehakikisha nipo, kisha akaitwa jikoni. “Bakia hapo,” akasema. “Usiende. Tutaongea.”

Nilibaki, nikiwasikiliza watu wakimsimulia Karemera wao. Mmoja alikuwa na Karemera wa jeshini, mwingine Karemera wa kwaya. Wangu alikuwa Karemera wa chumba kimoja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa sijui kutulia. Wenzangu walipopata kazi walitulia; mimi kazi ndiyo iliyonikurupua. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha kulia cha nyumba ya zamani, kwenye barabara inayoteremka kwenda Grande Barrière, kizuizi kikuu cha mpaka wa Kongo, na bado kulikuwa na kabati la vyombo ukutani ambalo tulipanga ndani yake nyaya na chaja. Meza zilikuwa tatu. Ya Karemera ilikuwa mlangoni, kwa sababu alipenda kumwona anayeingia. Ya Zaituni ilikuwa dirishani, na kupitia dirisha hilo tulisikia tangu asubuhi wanawake wa mpakani wakipita na mabeseni kichwani, wakielekea Goma, wakitaniana kwa sauti ambazo zilituingilia kazini kama redio ya jirani. Yangu ilielekea ukutani. Nyuma ya ukuta huo mjomba wake Zaituni alikuwa na karakana ya ushonaji, na siku nzima niliandika programu huku vyerehani vinanguruma na mafundi wanawasema watu. “Ule bibi-harusi anazidi kunona,” sauti moja ingelalamika. “Mara ya tatu sasa tunafungua mushono!” Na mwingine: “Bon, acha nguo iwe kubwa, atafika ndani yake tu.” Nilikuwa nacheka peke yangu mbele ya kioo cha kompyuta, na Karemera angeuliza kwa Kiingereza chake cha Kampala kama nimeanza kuumwa.

Tulikuwa watatu, na kila mmoja alitoka na lugha yake. Karemera alikulia Uganda. Hesabu zote alizifanya kwa Kiingereza. Zaituni alizaliwa na kukulia hapo mjini, katika familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara, akasoma kwa Kifaransa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Gisenyi na Goma. Mimi nilirudi kutoka Ngara na Kiswahili cha shule za Tanzania, na kwa sababu hiyo Zaituni alinitania kwamba nazungumza kama taarifa ya habari. Basi Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Hata majaribio tuliyapa majina ya Kiswahili.

Lazima nieleze majaribio hayo, maana ndiyo yaliyonileta hapa. Tulikuwa tunatengeneza programu kwa ajili ya vituo vya afya. Muuguzi anaandika umri wa mtoto na uzito wake, programu inamwambia ampe vidonge vingapi. Basi. Lakini programu kama hiyo huwezi kuiachia bahati, kwa hiyo Zaituni aliandika programu nyingine ndogondogo ambazo kazi yake ilikuwa kuihoji ile kubwa. Nikikupa mtoto wa kilo kumi, unasemaje? Nikikupa asiye na umri? Nikikupa uzito ambao si namba? Mwishowe zilifika arobaini na mbili. Ulifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, ukaandika amri moja, na vitone vya kijani vikaanza kutembea kwenye mstari, kimoja kwa kila jaribio lililopita. Lililoshindwa lilitoa herufi F nyekundu.

Zaituni ndiye aliyenifundisha kwamba amri ile ina mikia. Unaweka kistari kidogo, unaongeza herufi, na amri inabadilika tabia. Ukiongeza -x, inasimama pale pale jaribio la kwanza linaposhindwa, isikumiminie makosa yote kwa mpigo. Ukiongeza --lf, inarudia yale tu yaliyoshindwa mara iliyopita, usipoteze muda na yaliyo mazima. Ukiweka -k na neno, inaendesha majaribio yenye neno hilo kwenye jina. Na ukiweka -k, kisha “not”, kisha neno, inaendesha yote isipokuwa hayo. Nilizipenda herufi hizo kupita kiasi. Mtu asiyetulia hupenda kitu kinachomruhusu kuruka. Nilikuwa nikifika asubuhi naendesha majaribio kabla sijavua koti, nayaendesha tena baada ya kubadili neno moja, nayaendesha huku natafuna. Zaituni yeye aliyaendesha yote, kila mara, bila mkia wowote, akingojea na mikono imekunjwa mapajani.

“Mbona unangoja hata yale usiyoyagusa?” nilimuuliza siku moja.

“Juu ile sikuigusa ndiyo itanivunja,” akajibu.

Tulikula pamoja mchana, kwenye veranda, tukiutazama ukuta wa mawe meusi ya volkano. Mama yake Zaituni alituletea sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Kivu, na bugari, yaani ugali, uliofunikwa kitambaa, na pilipili iliyomfanya Karemera atoe leso. Mchana mmoja wa namna hiyo ndipo Zaituni alipoleta habari ya mkato. Alikuwa ametoka kituo cha afya kuwatazama wauguzi wakiandika.

“Muliona bale banesi?” alisema, kidole kina pilipili. “Benye balisoma Kifaransa, kilo nane na nusu banaandika nane, mukato, tano. Hapana nukta. Mukato! Donc nimeandika test moja ya mukato.”

“Good,” Karemera akasema. “Inapita?”

“Kwangu inapita muzuri.”

Kwangu haikupita. Niliendesha alasiri hiyo nikaona F. Niliendesha tena, F. Nikaenda kwenye kompyuta ya Zaituni, ikapita. Tulikuna vichwa, tukasema labda ni kompyuta yangu, imechoka, na tukaahidiana kulitazama. Ukweli ulikuwa mwepesi sana, na ulituchukua wiki saba kuuona. Kompyuta yake ilipangwa kwa Kifaransa, na Kifaransa husoma mkato kuwa ndio unaotenga nusu. Yangu ilipangwa kwa Kiingereza, na Kiingereza huona mkato kuwa pambo tu la namba kubwa, kinautupa. Kwake nane mkato tano ilikuwa kilo nane na nusu. Kwangu ilikuwa themanini na tano. Na kompyuta mpakato mbili za vituo, moja ya Busasamana na moja ya Mahoko, Karemera alikuwa amezipanga mwenyewe, kwa Kiingereza.

Ijumaa iliyofuata toleo la kwanza lilikuwa linakwenda Busasamana. Matoleo yalitoka kwenye kompyuta yangu. Gari lilikuwa nje, dereva ameshawasha injini, na Karemera alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, anarudi. Niliendesha majaribio. Vitone arobaini na kimoja vya kijani, F moja. Mkato. Zaituni alikuwa ameenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Angerudi baada ya saa moja. Naikumbuka saa hiyo vizuri kwa sababu ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuzikataa. Nilifungua faili dogo ambamo niliweka amri yangu ili nisiichape kila mara, nikaongeza mkia: -k “not mkato”. Nikaendesha. Kijani kitupu. Mwisho wa mstari kulikuwa na maneno madogo yaliyosema kwamba jaribio moja limeachwa, lakini nani husoma mwisho wa mstari wa kijani?

“Tayari?” Karemera akauliza.

“Tayari.”

Nilijiambia nitauondoa ule mkia Jumatatu. Jumatatu ilikuwa na mambo yake. Kisha nikaacha kuuona, kama usivyouona msumari ukutani ukishatundika juu yake koti. Wiki sita zilipita na programu ikasifiwa. Muuguzi mkuu wa Busasamana alisoma uzito kwenye mizani yenye nukta na kuandika nukta. Kisha akaenda likizo, na mahali pake akaja muuguzi mwingine, Vestine, aliyesoma kwa Kifaransa.

Simu ilikuja Jumatatu asubuhi. Karemera aliipokea akiwa amesimama, na nilijua ni mbaya kwa sababu aliketi. Mtoto wa kike, Keza, miezi minane, malaria. Foleni ilikuwa hadi uani. Vestine aliandika uzito, programu ikajibu vidonge vinne kila mara, naye alikuwa ameambiwa na sisi wenyewe, kwenye mafunzo, kwamba kompyuta imeshahesabu. Akampa mama pakiti. Mama alivisaga nyumbani, akampa mara ya kwanza, akampa mara ya pili. Ilipofika asubuhi mtoto alikuwa ametapika kila kitu, amelegea, hafungui macho. Sasa alikuwa hospitalini mjini, kilomita mbili tu kutoka mezani petu, na hawakujua kama ataishi.

Nyuma ya ukuta vyerehani viliendelea. Karemera alipiga simu vituo vyote viwili, akasema warudie karatasi. Kisha akageuka.

“Zaituni. Nani alijaribu?”

“Mimi. Yote. Na mukato iko ndani yake.”

“Onyesha.”

Akaendesha mbele yake. Arobaini na mawili, kijani, na lile la mkato likiwa kati yao. Mimi nilikuwa nimekaa mgongo kwao, uso ukutani, na nilisikia jinsi Zaituni alivyopumua. Nilijua. Sitasema kwamba sikujua, au kwamba nilijua nusu. Nilijua pale pale, mwili mzima, na mkono wangu ukafunga lile dirisha jeusi kabla sijaamua kulifunga.

Siku tatu hizo sikuweza kukaa popote. Nilitoka nikaenda hadi karibu na kizuizi cha mpaka, nikarudi. Nilienda ufukweni mchana, nikasimama mbele ya hoteli nikitazama watu wanaokunywa soda. Jumanne nilikwenda hospitalini, nikafika hadi mlango wa wodi ya watoto, nikamwona mwanamke mwenye kitenge cha kahawia ameinama juu ya kitanda, na nikageuka kwa haraka kiasi kwamba mlinzi aliniuliza nimeibiwa nini. Chakula cha mama Zaituni kilikuja veranda, kikarudi. Zaituni alikaa dirishani akisoma msimbo wa programu mstari kwa mstari kwa sauti ndogo, midomo ikicheza kama anayesali, na kila saa aliendesha majaribio yake yote upya. Yalipita. Ile F ya kompyuta yangu aliamini ilikwisha kabla toleo halijatoka. Alianza kujishuku. “Pengine mi ndiye mujinga,” nilimsikia akimwambia mjomba wake nje. “Pengine nilipima kitu ingine.” Ningeweza kumwambia hapo. Nilisimama na kikombe mkononi nyuma ya pazia, nikangoja waondoke.

Jumatano mtoto alifungua macho. Habari hiyo ilimlegeza Karemera, na mtu aliyelegea hutafuta njia rahisi. Kama majaribio yanapita, alisema, basi muuguzi ameandika vibaya. Ameruka nukta, ameandika themanini na tano. Wakubwa wa wilaya walikuwa wameshauliza jina lake. Na Mahoko walikuwa wanalalamika, karatasi zimewashinda. Akachukua simu. Nilimsikia akisalimia, akiulizia habari za nyumbani, kama afanyavyo mtu mwenye adabu kabla ya jambo lenyewe, na salamu hizo ndefu ndizo zilizonipa nafasi.

“So, mnaweza kuendelea na kompyuta kuanzia kesho...”

“Usiwaambie!” nilisema.

Alitoa simu sikioni. Zaituni akageuka dirishani.

“Usiwaambie waendelee. Si muuguzi. Ni mimi.”

Niliwaonyesha. Nilifungua lile faili dogo, na mkia ulikuwa pale, maneno mawili, nikautoa, nikaendesha amri bila kitu. F ilitokea nyekundu. Karemera aliisoma akiwa ameinama juu ya bega langu, kisha akawaambia Mahoko, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Hapana. Endeleeni na karatasi. Kosa ni letu.” Akakata simu. Hakunipigia kelele. Alikwenda veranda akakaa huko hadi chai ikapoa. Zaituni ndiye aliyenisogelea, na uso wake sikuwahi kuuona vile.

“Lini?” akauliza.

“Ile Ijumaa. Ulikuwa umeenda kusali.”

“Na juzi? Na jana? Uliniona natafuta.”

“Nilikuona.”

“Yewe,” alisema, taratibu, kama anayeweka kitu kizito chini. Kisha akakusanya vitu vyake, akaenda upande wa pili wa ukuta, kwa mafundi, na alasiri nzima sikusikia mtu yeyote akiseng'enywa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, Keza akiwa ameruhusiwa, Karemera alituchukua sote kwa gari lake hadi Busasamana. Sikutaka kwenda, na ndiyo maana alinichukua. Volkano zilikuwa wazi siku hiyo na udongo wa viazi mweusi ulikuwa umelimwa hadi kwenye kuta za nyumba. Mama Keza alitupokea mlangoni, mtoto mgongoni. Alikuwa msichana wa rika langu. Karemera alieleza, kwa Kinyarwanda, kwa ufupi, kwamba hesabu ya vidonge ilitoka kwetu na ilikuwa na kosa. Yule mama alitutazama mmoja mmoja.

“Nani kati yenu?”

Nikasema ni mimi.

Nilitarajia matusi, na ningeyashukuru. Badala yake alinishika mkono, kwa nguvu, vidole vyake vikiwa vigumu kwa kazi ya jembe. “Nilivisaga mwenyewe,” alisema. “Vinne. Kwa kijiko. Alikuwa anakataa, anageuza kichwa, na mimi nikamshika pua ili ameze. Sasa mama mkwe anasema nilitaka kumuua mjukuu wake. Mume wangu hasemi kitu, hata salamu ya asubuhi hanipi. Njoo ukaseme.”

“Nikaseme wapi?”

“Kwake. Na majirani wawepo.”

Tukaenda, yeye mbele, mtoto akitutazama kutoka mgongoni, sisi watatu nyuma kwenye njia nyembamba kati ya viazi. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage uani, na wanawake wanne au watano pamoja naye. Nikasema. Kinyarwanda changu cha kurudi ukubwani kilikuwa kinachechemea, na nilisema kama mtoto: mashine ilikosea, mimi ndiye niliyejua kuwa inaweza kukosea, nikaizuia isiulizwe, mama huyu alifanya alichoambiwa. Wanawake waliacha kuchambua. Bibi akasukuma maharage kando.

“Kwa nini uliizuia?”

“Gari lilikuwa linaondoka.”

“Lilikuwa linakwenda wapi?”

“Huku.”

“Kulikuwa na nani huku aliyeliita?”

Hakuna aliyeliita. Kituo kingetumia karatasi wiki nyingine, mwezi mwingine, mwaka, na Keza angepewa kidonge kimoja. Bibi yule hakungoja nijibu. Alimgeukia mkwe wake, akanyoosha mikono, akasema, “Nipe mtoto,” na Mama Keza akafungua kitenge akampa, na nikaona mabega yake yakishuka. Hayo tu. Hatukuombwa kukaa.

Karemera akaturudisha mjini. Tulipofika lami, Zaituni, aliyekuwa hajanisemesha tangu Jumatano ile, alisema akitazama nje: “Ungeningoja. Saa moja.”

Mwaka uliobaki niliumaliza, na siwezi kusema niliumaliza vizuri. Vestine alibaki kazini. Karemera aliandika barua wilayani akaweka sahihi yake, si yangu. Tuliipanga kazi upya. Majaribio yote yaliendeshwa mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Uzito ulitokea kwenye kioo kwa maandishi makubwa kabla ya idadi ya vidonge, ili jicho la mtu lipate nafasi ya kukataa. Jaribio lililoachwa lilizuia toleo lisitoke, na hakuna aliyeweza kutoa toleo peke yake. Zaituni aliniambia yote yaliyohusu kazi na hakuniambia kingine chochote. Alikula na mafundi. Nilimsikia kupitia ukuta, akicheka. Mimi nilikuwa naendesha majaribio mara thelathini kwa siku, yale yale, bila kubadili herufi, nikisubiri F ambayo haikuja. Mwezi wa kumi na mbili nilipata kazi Kigali. Aliniaga kwa mkono mbele ya Karemera. Tangu hapo nimefanya kazi katika ofisi nyingi, nimefundisha vijana wengi kwamba wasome hadi mwisho wa mstari, na kila mara nilipofundisha nilimwona Zaituni dirishani, mikono mapajani, anangoja vitone vyote arobaini na viwili. Nilimfanya kipimo changu. Niliamini yupo mtu mmoja ambaye asingefanya hivyo kamwe, na kwa sababu yake sikuweza kurudi Gisenyi.

Pale msibani, alikuja baada ya sala ya alasiri, watu wakiwa wamepungua uani. Alivuta kiti, akakaa na kushusha pumzi, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Tuliulizana habari. Ana watoto watatu. Ofisi iko bado, kubwa, yeye ndiye anayeiongoza tangu Karemera aanze kuumwa. Tukamzungumzia marehemu, tukacheka kuhusu leso yake na pilipili. Kisha akasogeza kiti karibu.

“Konso, kuko kitu.”

“Sema.”

“Ule mwaka ulienda, wenye kufuata. Nilikuwa na mimba ya mutoto wa kwanza, natapika kila asubuhi. Test moja ya tarehe ikakataa. Leo inapita, kesho inakataa. Mahoko banapiga simu, banataka version. Ile kizuizi chetu, mi ndiye nilikuwa na funguo yake, na Karemera aliitikia tu bila kusoma. Ndo nikaiweka. Kistari, k, not.”

Nilimtazama. Alikuwa akitazama mikono yake.

“Siku mbili,” alisema. “Kisha nikapona kidogo, nikaitoa, nikarekebisha. Hapana mutu alijua.”

“Na ilikuwaje? Kule Mahoko?”

“Hakuna. Hakuna kitu ilifika. Batoto bote bazima.” Akarudisha miwani usoni. “Nilikukatalia salamu mwaka muzima, Konso. Nilikula upande wa pili ya ukuta. Na mi nilifanya ileile, na najua ya Keza, na nilimuona kwa macho. We hukujua bado. Mi nilijua.”

Kwenye turubai mtu alikuwa anakunja viti. Nilitafuta ndani yangu nafuu, maana ndiyo niliyoitegemea kama siku moja ningesikia neno la namna hiyo, na haikuwepo. Kulikuwa na hofu tu, mpya kabisa, kwa ajili ya watoto wa Mahoko wa siku mbili ambazo zilikwisha zamani. Nikamuuliza Zaituni ni nini alichosema Karemera alipomwambia.

“Sikumuambia.”

“Mume wako?”

Akatikisa kichwa.

“Ulimwambia nani, Zaituni?”

“Wewe,” alisema. “Sasa hivi.”